Video za Jubilei: Kila Njia na Fomati Yake
(Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe za miaka 25)



 Tunazungumza kwa niaba ya ofisi ya kwaya, yaani katibu, msaidizi wake, na wale vijana wawili wanaoshika tarakilishi. Ratiba inatupa dakika ishirini na harufu ya pilau tunaisikia kama nyinyi, kwa hivyo historia ya kwaya mtaisoma katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki. Sisi tumepewa na kamati kazi moja tu: tueleze video ya nyimbo za jubilei itawafikia vipi, na kwa nini itatoka kwa sura zaidi ya moja.

Kamati ilituomba hivyo kwa sababu ya mkutano mkuu uliopita. Waliokuwepo wanakumbuka. Wazee wetu walisema pesa za harambee zitumike kutengeneza DVD kama albamu zilizotangulia. Vijana wakasema DVD imekufa, kila kitu kiende YouTube. Mama mmoja wa alto akasimama akasema yeye hana mashine ya DVD wala hana bando, ana televisheni yenye tundu la flashi, na binti yake aliye kazini Qatar anaomba video kwa WhatsApp. Mkutano ukafungwa kwa sala bila uamuzi.

Tukienda nyumbani tulitafakari, tukaona kila mmoja alisema kweli kuhusu nyumba yake. Kilichotugombanisha ni fikira kwamba lazima tuchague fomati moja na wengine wakose. Si lazima. Tunarekodi mara moja, kwa ubora mkubwa, kisha kutoka kwa hiyo nakala mama tunatoa nakala ndogo ndogo, kila moja ikikatwa kulingana na njia itakayopita. Kitambaa ni kimoja. Fundi hashoni sare ya mtoto wa Utoto Mtakatifu kwa kipimo cha besi wetu wakubwa.

Sasa mtuvumilie kidogo, maana ualimu hautoki mwilini.

Watu husema "nipe MP4" wakidhani wamemaliza. MP4 ni gunia tu. Ndani ya gunia kuna picha iliyopakiwa kwa namna fulani, na sauti iliyopakiwa kwa namna nyingine. Ile namna ya kupakia ndiyo huitwa kodeki. Magunia mawili yanaweza kuwa na maandishi yaleyale kwa nje, moja lina mahindi na lingine lina unga. Ndiyo maana video iliyopigwa kwa simu mpya huchezwa vizuri kwenye simu hiyo, lakini ukiitia kwenye flashi na kuipeleka kwa televisheni ya baba, unasikia sauti bila picha, au unaandikiwa kwamba faili haitambuliki. Televisheni haijaharibika. Imelifungua gunia, ikakuta upakiaji isioujua.

Kodeki inayojulikana na karibu kila kifaa leo inaitwa H.264. Ilitoka mwaka 2003, na tangu hapo simu, televisheni, tarakilishi na visimbuzi vimejengwa vikiifahamu. Mwaka 2013 ikatoka ndugu yake mdogo, H.265, ambayo watu pia huiita HEVC. Huyu mdogo ni hodari: hubana picha ileile kwa nafasi ndogo zaidi. Simu za iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017, na simu nyingine nyingi zina mpangilio huo. Lakini televisheni nyingi za sebuleni kwetu zilinunuliwa kabla ya kufahamiana naye. Kwa hivyo ofisi yetu imeamua kwamba chochote tutakachowapa mkononi kitakuwa H.264 ndani ya MP4, na sauti ya AAC. Si fomati ya kujivunia mbele ya mafundi. Ni fomati ya kufika.

Jambo la pili ni hesabu, na ni ile ya darasa la sita. Video hupimwa kwa bitireti, yaani kiasi cha habari kinachopita kila sekunde. Fikirieni mfereji na tangi. Ukifungua mfereji sana, maji ni mengi na tangi hujaa upesi. Video ya megabiti 8 kwa sekunde, ukigawanya kwa 8, ni megabaiti 1 kila sekunde. Dakika moja ni megabaiti 60. Wimbo wa dakika 5 ni megabaiti 300. Saa nzima ni gigabaiti 3.6. Ukiijua hesabu hiyo, hakuna mtu wa studio atakayekuchezea, maana utajua faili yake imebanwa kiasi gani kwa kuangalia ukubwa na muda wake tu.

Na je, kubana kunaharibu nini? Hapa tuseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu kwaya ina taabu ambazo mhubiri hana. Kodeki hubana kwa kulinganisha fremu moja na inayofuata. Ukuta wa kanisa haukusogea, kwa hivyo haurudii kuuchora. Inaandika tu kilichobadilika. Mtu mmoja akisimama mbele ya pazia akizungumza, kinachobadilika ni mdomo na mikono, na bitireti ndogo inamtosha. Sasa tazama sisi. Watu arobaini wamevaa vitenge vya maua, wote wanacheza, nyuma yao miti inatikisika kwa upepo, na mpiga picha anazunguka na kamera kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Hakuna kilichotulia. Kila fremu karibu ni mpya. Bitireti iliyomtosha mhubiri ikipewa kwaya, picha hugeuka vipande vipande vya mraba kama vigae, na nyuso za mstari wa nyuma hufutika. Akina mama wa soprano wamewahi kutuuliza kwa nini katika video za simu hawajioni. Ni hilo.

Sauti nayo ina adui wake, na jina lake ni kayamba. Kayamba, vigelegele na makofi ni sauti zisizo na mpangilio wa noti, na kodeki ya sauti hupata shida sana kuzibana. Bitireti ikiwa ndogo, kayamba husikika kama maji yanayochemka. Simu za zamani zilizotumia video za 3GP zilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sauti yake ya AMR ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Ilikata sauti za juu kabisa. Maneno yalisikika, lakini ule mng'ao wa soprano uliachwa njiani. Kwa hiyo hata pale tutakapobana picha, sauti hatutaibana hivyo. Afadhali uso uwe na ukungu kidogo kuliko sauti nne zisikike kama moja, maana sisi tu kwaya, si waigizaji wa filamu.

Kwa sababu hiyo pia tumeiomba kamati kwamba kati ya nyimbo 14 za jubilei, zile za mchezo mwingi zirekodiwe ndani ya kanisa au mbele ya ukuta, na kamera kuu isimame juu ya miguu yake. Bustani yenye miti ibaki kwa nyimbo za taratibu. Vijana wamenung'unika kidogo. Wataona matokeo.

Tuje kwenye njia zenyewe. Tuanze na DVD, kwa heshima ya wazee. Mgala muue na haki yake mpe. DVD haitaki bando, haitaki nywila, na nyanya anajua kuitia kwenye mashine bila kumwita mjukuu. Ina kasha lenye picha ya kwaya, unaweza kumpa Baba Askofu mkononi. Lakini DVD inayochezwa na mashine ya sebuleni si faili za MP4 zilizomwagwa kwenye sahani. Ni mpangilio wake wa pekee, na kodeki yake ni MPEG-2, ya zamani kuliko H.264. Picha yake kwa mfumo wetu wa PAL ni pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na sahani ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Nyimbo zetu 14 ni takriban dakika 80. Mkigawanya, kila sekunde inapata megabiti kama 7.8, sauti ikiwemo. Hiyo ni nzuri. Mwisho wa DVD kwa picha peke yake ni megabiti 9.8. Kwa hivyo tunawaomba msitushinikize kuongeza Misa nzima ya jubilei kwenye sahani hiyohiyo. Ukitia saa nne ndani yake, kila sekunde hupata megabiti 2.6 hivi, na tunarudi kwenye vigae. Misa itakuwa na sahani yake, au itapita njia nyingine.

Walio na ndugu Marekani wasiwatumie DVD hii bila kuuliza. Kule walizoea mfumo wa NTSC wa fremu 30 hivi kwa sekunde na mistari 480, na mashine nyingi za kwao hukataa PAL. Mtumie kiungo cha YouTube, uokoe nauli ya posta.

Flashi ndiyo tunayoiona ikiwa njia ya watu wengi zaidi hapa parokiani. Wakati tunazungusha karatasi kwenye jumuiya, majina ya waliotaka flashi yalijaza upande wa pili wa karatasi. Nakala ya flashi itakuwa na picha ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25, megabiti 6 kwa sekunde, na sauti nzito. Nyimbo zote 14 zitachukua gigabaiti 3.6 hivi. Tutaweka kila wimbo kama faili yake, na majina yataanza na nambari, 01, 02, 03, ili televisheni isianze na wimbo wa kutoka. Kuna sababu nyingine ya kuzitenga. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, ambao karibu kila televisheni huusoma, lakini mfumo huo haukubali faili moja inayofika gigabaiti 4. Mtu akijaribu kunakili Misa ya saa tatu kama faili moja, tarakilishi humkatalia hata kama flashi ni tupu, naye hurudi dukani kugombana na aliyemuuzia. Muuzaji hana hatia. Kuna mfumo wa exFAT unaokubali faili kubwa, ila televisheni za zamani haziusomi. Kwa hivyo Misa tutaikata vipande: mwanzo hadi mahubiri, mahubiri, vipaji hadi mwisho.

Projekta ya kanisa hatutasema mengi. Itapata nakala ileile ya flashi kupitia tarakilishi. Tunaomba tu mwenye kuiendesha asiivute picha ijaze kitambaa chote. Mistari myeusi juu na chini ni afadhali kuliko kwaya yenye vichwa virefu.

Kuhusu YouTube, wengi hudhani kwa vile ni ya intaneti, basi tupeleke faili ndogo. Ni kinyume. YouTube huchukua unachoipa, ikakivunja na kukipakia upya kwa ukubwa mwingi, kuanzia 144 hadi 1080 na zaidi, ili mwenye bando dogo apate ndogo na mwenye waya wa nyuzi apate kubwa. Ukiipa kilichobanwa tayari, itakibana mara ya pili, na makosa ya kwanza yatabanwa pamoja na picha. Yenyewe hupendekeza MP4 ya H.264, megabiti 8 kwa sekunde kwa picha ya 1080 ya fremu 25, na sauti ya AAC ya kilobiti 384. Sisi tutapandisha mara mbili ya hapo, yaani wimbo wa dakika 5 utakuwa megabaiti 600. Tutapandisha usiku kwa intaneti ya ofisi ya parokia, na Baba Paroko amekubali. Wenye kutazama kwa bando, bonyezeni kile kigurudumu cha meno na mchague 360 au 480. Sauti bado itakuwa nzuri.

Vijana walisema YouTube italeta pesa. Tuseme ukweli mbele ya mweka hazina. Ili kupata mgao wa matangazo, chaneli inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwaya yetu haijafika nusu ya hapo, na deni la sare linataka kulipwa mwaka huu, halingoji wafuasi. Kwa hivyo pendekezo letu ni kwamba DVD na flashi zitangulie, ziuzwe leo na Jumapili sita zijazo. Baada ya hapo nyimbo ziingie YouTube, mmoja kila wiki, Ijumaa jioni. Mwanakwaya atakayepandisha albamu nzima usiku wa leo kutoka kwenye flashi yake, basi ajue amechukua sahani ya sadaka na kuimwaga barabarani.

WhatsApp ina tabia yake. Ukituma video kama video, WhatsApp yenyewe huibana tena ili ipite upesi, na hapo ndipo kayamba hugeuka maji. Kwa wale wa Qatar, Saudi Arabia na kwingine kazini, tutatengeneza vipande vya aina mbili. Cha kwanza ni kionjo cha dakika 2, picha ndogo ya mistari 480, megabiti 1 kwa sekunde, jumla megabaiti 15, cha kusambaza kwenye vikundi vya jumuiya. Cha pili ni wimbo mzima, wa kutumwa kama hati. Ukienda kwenye alama ya kuambatisha, chagua hati badala ya picha, na faili itafika kama ilivyoondoka. WhatsApp hukubali hati ya hadi gigabaiti 2. Mama wa alto tuliyemtaja, msaidizi wa katibu ameshamwonyesha, na binti yake alijibu kwa vigelegele vya sauti vya sekunde arobaini.

Televisheni nazo zimeanza kuuliza nyimbo za kwaya za parokia, hasa kwa vipindi vya Jumapili asubuhi. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, hakuna kituo kitakachofurahia picha ya DVD iliyonyooshwa. Kila kituo kina karatasi yake ya masharti, na tutaiomba kabla ya kupeleka chochote. Lakini mambo mawili hayasubiri, lazima yafanywe wakati wa kurekodi. Moja ni fremu 25. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zile ndefu za kanisani humetameta kufuatana na umeme huo. Kamera iliyowekwa fremu 30, kama simu nyingi zilivyo, huweza kuonyesha mawimbi ya giza yakipita juu ya altare. Ukiweka fremu 25 na mlango wa kamera kwenye 1/50, mawimbi hutulia. La pili ni maandishi. Maneno ya wimbo na jina la kwaya yasikae pembezoni kabisa, kwa kuwa televisheni nyingine hukata kingo. Tumeona video ambapo "Kwaya" imebaki "waya".

Sasa tufike mahali ambapo kwa kweli ndipo tulipotaka kufika, na kama mmechoka na hesabu, hili lisikilizeni.

Albamu yetu iliyopita ilirekodiwa na studio ambayo hatutaitaja. Kazi ilikuwa nzuri. Tulipewa DVD, tukaziuza zikaisha. Baadaye kituo kimoja cha televisheni kiliomba nyimbo mbili, tukarudi studio kuomba picha za awali kutoka kwenye kamera. Tukajibiwa kwamba zilifutwa zamani ili kupata nafasi ya harusi. Kilichobaki ni ile DVD, picha ya mistari 576 iliyobanwa tayari. Ukiikuza ijaze televisheni za leo, nyuso zinalegea kama picha iliyonyeshewa. Na katika albamu ile kuna mwimbaji kiongozi wetu wa tena aliyetangulia mbele za haki mwaka uliofuata. Familia yake ilituomba picha yake akiimba, kubwa, ya kuweka siku ya kumbukumbu. Tuliwapa tulichokuwa nacho.

Safari hii mkataba umeandikwa, na Baba Paroko ameutia sahihi pamoja na mwenyekiti. Studio itatukabidhi vitu vitatu kabla ya kulipwa awamu ya mwisho: faili zote za kamera kama zilivyotoka kwenye kadi, nakala mama iliyohaririwa, na sauti zilizorekodiwa kila moja kivyake bila kubanwa, kwa WAV ya kilohezi 48. Kamera zao hurekodi megabiti 50 kwa sekunde, yaani gigabaiti 22.5 kwa saa. Kamera mbili, saa sita kila moja, ni gigabaiti 270. Tumenunua diski mbili za terabaiti 1. Moja itakaa kwenye kabati la chuma la ofisi ya parokia, ya pili itakaa nyumbani kwa mlezi, mtaa mwingine, ili moto au mwizi asizipate zote siku moja. Waliouliza katika kamati kwa nini tununue mbili wakati moja ina nafasi, jibu ni hilo. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Majilio, ofisi itazifungua zote mbili na kuhakikisha zinasoma. Hatutegemei DVD za kuchoma kama hifadhi. Rangi iliyo ndani yake huzeeka.

Na kuna kanda. Katika lile kabati tumekuta kanda tano za VHS za miaka ya mwanzo ya kwaya. Mbili zina ukungu mweupe kwenye ukingo wa mkanda. Kwenye moja ndipo mwalimu wetu wa kwanza wa kwaya, apumzike kwa amani, anaongoza Misa ya kubariki kanisa hili likiwa bado na paa la nusu. Hatuna picha yake nyingine akiwa anaongoza. VHS iliingia sokoni mwaka 1976, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana ikitengeneza mashine zake, iliacha mwaka 2016. Mashine zilizobaki ni zile kuukuu za majumbani, na kila mwaka zinapungua. Kanda yenye ukungu isitiwe kwenye mashine kabla ya kusafishwa na anayejua, maana huchafua kichwa cha mashine na mkanda unaweza kukatika. Tunawaomba sana, mwenye kanda yetu nyumbani asijaribu "kuangalia tu".

Kwa kanda hizi fomati ya kufaa ni tofauti na zote tulizotaja. Baadhi ya vijana wamependekeza tuzibadilishe kuwa 4K. VHS haina habari hiyo. Kuikuza ni kuchora upya ukungu kwa kalamu kubwa. Tutazichukua kwa pikseli 720 kwa 576, fremu 25, kwa fomati ya DV ambayo hubana kidogo sana: megabiti 25 kwa sekunde, gigabaiti 13 hivi kwa saa. Kanda tano za saa tatu tatu ni gigabaiti 195, zinaingia kwenye diski zilezile. Umbo la picha litabaki kama lilivyokuwa, nne kwa tatu, bila kuvutwa lijaze televisheni pana. Mwalimu wetu alikuwa mwembamba, hatutamnenepesha. Kutoka kwa nakala hiyo ya DV ndipo tutatoa MP4 ndogo kwa familia na kwa YouTube.

Kazi hii ya kanda haikuwa kwenye bajeti ya jubilei. Kamati imekubali kwamba faida ya flashi 50 za kwanza itaenda huko kabla ya deni la sare. Mweka hazina hakufurahi, lakini alipiga kura ya ndiyo.

Basi mambo ya leo. Meza ya ofisi iko chini ya mwembe, kando ya choo cha wanaume, samahani kwa jirani huyo. DVD tumeandaa kulingana na oda zilizoandikwa katika jumuiya. Asiyeagiza aandikishe leo, itatengenezwa wiki ijayo. Anayetaka flashi anaweza kununua ya kwaya, au alete yake ya gigabaiti 8 au zaidi ikiwa tupu, kwa sababu tutaipanga upya na kila kilichomo kitafutika. Ibandikwe jina na jumuiya. Anayetaka wimbo kwa WhatsApp aache nambari kwenye daftari la bluu, si la kijani. La kijani ni la matanga. Na mwenye kanda yoyote, ya VHS au ya kaseti, yenye sauti ya kwaya hii, atuletee hata kama imekatika. Tutampa risiti yenye mhuri wa parokia, na kanda yake itarudi mkononi mwake pamoja na nakala bila malipo. Daftari la kanda liko wazi hadi Jumapili ya Kristo Mfalme.